Betri "Mpya" na Paa la Rhino Camp

Skrubu ya ishirini na tatu iliishia nusu. Nilikuwa nimepiga goti juu ya papi, bati la kwanza la upande wa mashariki limelala vizuri, mwanagenzi wangu yuko kwenye ngazi ananipandishia la pili. Mashine ya kukazia skrubu, ile ya betri, ikaguna, ikatulia, ikaguna tena, ikanyamaza. Nikachomoa betri, nikabonyeza kile kitufe cha kuonyesha chaji: taa tatu kati ya nne zikawaka. Nikairudisha. Skrubu mbili, kimya. Nikaomba ile ya pili. Hiyo ilijikaza zaidi, lakini nayo haikufika skrubu sabini. Ilikuwa saa nne asubuhi, darasa zima la shule pale Rhino Camp, kambi ya wakimbizi, liko wazi juani, na mwalimu mkuu amesimama chini ya mwembe anatutazama.

"Fundi, zimeisha zote?" mwanagenzi akaniuliza.

Sikumjibu. Betri zote mbili zilikuwa zimetoka kwenye boksi jana yake jioni.

Mimi ni mtu wa Oli, mtaa wa hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, ambako Kiswahili na Kinubi ndivyo utakavyosikia barazani kabla ya lugha nyingine. Naezeka paa, natengeneza madirisha na madawati ya shule. Kwa miaka mingi sisi wa West Nile hatukuwamo kwenye gridi ya taifa. Tulitegemea bwawa dogo la Nyagak na majenereta, na umeme ulikuja kwa zamu. Gridi ilitufikia mwaka 2024. Lakini kazi zangu nyingi ziko makambini na vijijini ambako nguzo haijafika, kwa hiyo mashine za betri ndizo zinazonilisha. Betri ikiniangusha, si kwamba nimechelewa tu. Nimewaweka watoto wa watu juani, na vibarua wanne wamekaa wakisubiri ujira wa siku ambayo haikufanya kazi.

Siku ile tuliimaliza kwa betri yangu ya zamani yenye miaka minne, tukiichaji kwa sola ya kinyozi wa pale senta na kuifuata kila saa kwa boda. Tuliezeka theluthi ya paa badala ya nusu. Jioni, njia nzima ya vumbi kurudi Arua, nilikuwa na betri mbili mapajani nikijiuliza nilikosea wapi.

Nilikosea mapema. Ilikuwa Oktoba 2024. Betri ya 5.0Ah, yaani ampea-saa 5, kipimo cha umeme inaoweza kubeba, dukani kwa wakala ilikuwa zaidi ya mara mbili ya bei niliyoiona kwenye simu. Muuzaji alikuwa Kampala. Tulianza kuandikiana kwa Kiingereza, aliponisikia natokea Arua akageukia Kiswahili: "Bosi wangu, hizi ni mpya kabisa, hazijaguswa." Picha alizonitumia zilikuwa safi mno, mandhari meupe kama ya gazeti. Sikumwomba picha nyingine. Nikatuma pesa zote kwa simu, za betri mbili, na nauli ya basi juu yake.

Wiki zile daraja la Karuma lilikuwa limefungwa kwa matengenezo, na mabasi ya Kampala kuja huku yanazunguka mbali. Kifurushi cha usiku mmoja kilichukua siku nne. Muda wa kurudisha mali aliokuwa ameniandikia ulikuwa siku tatu tangu kutuma, kwa hiyo nilipokipokea stendi tayari ulikuwa umekwisha, nami sikuliwazia hilo hata kidogo. Nilifungua boksi nyumbani. Moja ilikuwa na taa nne, nikafurahi kwamba imekuja imejaa. Nyingine ilikuwa na taa mbili, nikaiweka kwenye chaja. Sijamaliza chai yangu, chaja ikalia kwamba imejaa. Nikafurahi tena.

Furaha zote mbili zilikuwa dalili mbaya. Chaja yangu ya haraka huchukua kama dakika 45 kuijaza betri tupu ya 5.0Ah. Betri iliyoanza nusu ingehitaji dakika ishirini na ushee. Hii ilijaa kwa dakika nane hivi. Betri inayojaa upesi kupita kiasi ni kama mtungi unaofurika kwa vikombe vitatu: haina nafasi ndani.

Na zile taa? Taa za betri hazipimi wingi wa umeme uliomo. Nyingi husoma volti tu, na volti hupanda hata kwenye seli iliyochakaa, yaani zile betri ndogo zilizopangwa ndani ya ganda. Betri nzima na betri iliyokufa nusu, zote zikitoka kwenye chaja, zitakuonyesha taa nne. Nilikuwa nimefanya kazi na mashine hizi miaka yote hiyo bila kulijua jambo hili, na naliandika hapa kwa sababu karibu kila fundi niliyemuuliza baadaye naye alikuwa halijui.

Kesho yake sikurudi kazini. Nilimwomba jirani yangu anayeoka keki mizani yake ya dijitali. Betri ya 5.0Ah ya volti 18 kwa kawaida ina seli kumi za aina ya 18650, yaani kipenyo milimita 18 na urefu milimita 65, zimepangwa jozi tano. Kila seli ina uzito wa karibu gramu 45. Seli peke yake ni gramu 450 hivi, ukiongeza ganda, ubao wa saketi na vyuma unapita 600. Betri yangu ya zamani ilisoma gramu 632. Ile iliyokuja imejaa ilisoma 618. Ile iliyojaa kabla sijamaliza chai ilisoma 402.

Jirani akaniuliza, "Mbona hii nyepesi, kaka? Imeliwa ndani?"

Imeliwa ndani, ndiyo. Gramu mia mbili na zaidi zilizopungua ni seli tano. Ganda lilikuwa la betri kubwa, lebo inasema 5.0Ah, ndani kuna nusu ya mali. Mizani ya keki ilikuwa imenitegulia kitendawili cha betri moja kwa dakika moja, bila kufungua skrubu wala kuwa na elimu yoyote ya umeme. Tangu siku hiyo nikinunua betri kwa mtu wa mbali, ombi langu la kwanza ni video fupi ya betri hiyo hiyo juu ya mizani. Anayeuza mali halali huitikia. Wawili walishanyamaza moja kwa moja baada ya ombi hilo, na wote wawili nawashukuru kwa kunyamaza.

Ile ya gramu 618 ilikuwa ngumu zaidi, kwa sababu seli zilikuwa kumi. Nilitoka nayo juani, nikaitazama kwa makini ambayo ningeitumia kukagua mbao kabla ya kulipa. Kwenye betri mpya, vile vibati vya shaba ndani ya mifereji, mahali ambapo meno ya mashine huingia, huwa laini na vina rangi moja toka juu hadi chini. Kwenye hii vilikuwa na mistari miwili myembamba, myeusi kidogo, kama njia ya panya ukutani. Mistari hiyo haiji kwa kuchomekwa mara mbili tatu kiwandani. Ni ya betri iliyoingia na kutoka kwenye mashine mamia ya mara. Mtu anaweza kubadili lebo, kuosha plastiki kwa spiriti, hata kupaka mafuta ya kung'arisha, lakini vibati vile viko ndani na vyembamba, na ni wachache wanaojisumbua navyo. Kwa hiyo ombi langu la pili kwa muuzaji ni picha ya hapo, kwa karibu, na pembeni yake karatasi yenye tarehe ya leo kwa mwandiko wa mkono.

Kisha skrubu. Betri hizi hufungwa kwa skrubu za kichwa cha nyota, wakati mwingine zikiwa na kichomozi katikati ili bisibisi ya kawaida isiingie. Mbili kati ya nne zilikuwa na meno yaliyolika, na moja ilikuwa na mkwaruzo mbichi unaong'aa. Ganda lilikuwa limefunguliwa.

Na tarehe. Kampuni nyingi hupiga tarehe ya kutengenezwa kwenye plastiki yenyewe, si kwenye karatasi ya lebo tu. Wengine huandika mwaka, mwezi na siku, wengine mwaka na wiki. Kwenye hii, mahali pa tarehe palikuwa na ukungu. Ukipitisha kidole unasikia palivyo laini kuliko pembeni. Mimi ni seremala, msasa naujua. Mtu alipiga msasa hapo.

Hadi hapa nilikuwa na shaka nyingi na ushahidi wa macho. Nilitaka namba. Fundi wa redio wa mtaani kwetu, mzee aliyenifundisha kushika mita nilipokuwa kijana, alinisikiliza kisha akaniambia, "Mwanangu, betri usiiulize ina volti ngapi. Iulize inaweza kufanya kazi kwa muda gani." Akanituma duka la vipuri vya malori. Arua ni njia ya malori ya Congo na Sudan Kusini, balbu za volti 24 hazikosekani. Nikanunua balbu ya taa kubwa, wati 70, na waya.

Jaribio lenyewe ni hili. Unaijaza betri, unaiacha ipoe nusu saa, unaiunganisha na balbu ile kupitia mita iliyowekwa kwenye ampea. Kwa kuwa balbu ni ya volti 24 na betri ni ya 18, inawaka kwa wekundu kidogo, na inavuta kama ampea 2.5. Hesabu inakuwa rahisi: betri ya kweli ya ampea-saa 5 itaiwasha karibu saa mbili. Unaweka saa. Unapima volti kila baada ya dakika chache, na zikifika 15 unakata. Hapa pana hatari ambayo watu hawaijui: betri nyingi za mashine hazijikati zenyewe zikikaribia kwisha. Mashine ndiyo hukata. Balbu haina akili hiyo, itaendelea kuvuta hadi seli ziharibike kabisa. Volti 15 ni volti 3 kwa kila jozi, na hapo ndipo pa kuacha. Balbu nayo inachoma, iweke juu ya tofali, mbali na watoto na vumbi la mbao.

Ya zamani yangu, ya miaka minne, iliwaka saa moja na dakika 31. Nilijivunia mzee yule. Ile nyepesi iliwaka dakika 34. Ile ya seli kumi iliwaka dakika 52.

Mzee wa redio alipoona namba hizo hakushangazwa na ile nyepesi. Alishangazwa na ya pili. "Dakika 52 ni ampea-saa mbili na kitu," akasema, "basi kwa nini kwenye paa ilikufa kwa skrubu ishirini na tatu, na hii mbovu zaidi ikafika sitini?" Tukaichomeka kwenye mashine, yeye akashika mita kwenye vibati vya pembeni, mimi nikaingiza skrubu ndefu kwenye gogo la mvule. Kabla sijavuta kifyatulio ilisoma volti 20. Nilipokivuta na skrubu ikaanza kukaza, ikaporomoka hadi chini ya 14, mashine ikakata. Nilipoachia, ikapanda tena hadi 19 na ushee, taa tatu zikawaka kama kwamba hakuna kilichotokea.

Huo ndio uzee wa betri. Seli ikichakaa, uwezo wake wa kuhifadhi hupungua, lakini pia ukinzani wake wa ndani, yaani kule kuuzuia umeme usipite, hupanda. Balbu huvuta taratibu, kwa hiyo betri mzee huivumilia. Mashine ya kukazia skrubu huvuta ampea ishirini na zaidi kwa ghafla, na ukinzani ule humeza volti zote. Tangu hapo nafanya majaribio yote mawili. La balbu linaniambia kuna maji kiasi gani mtungini, la gogo linaniambia mdomo wa mtungi ni mpana kiasi gani. Mtu akiniambia amejaribu betri kwa kuzungusha drili hewani tu, namwambia bado hajajaribu.

Hatimaye nilizifungua. Simshauri mtu asiye na uzoefu afanye hivyo: ukifungua, dhamana yoyote imekwisha, na bisibisi ikigusisha vibati viwili visivyotakiwa utaona cheche inayokata chuma. Nilifanyia nje, karibu na karai la mchanga. Ile nyepesi ilikuwa na seli tano mpya za bei ya chini, kila moja imeandikwa 1500, yaani ampea-saa 1.5. Hazikuwa na kosa lolote zenyewe. Mtu angeniuzia kama betri ya 1.5Ah kwa bei yake, ningeinunua kwa kazi ya bawaba na vitasa na tungebaki marafiki. Ile nzito ilikuwa ya kiwandani kweli, ubao wake halisi, seli zake halisi, zile zile ilizozaliwa nazo. Kilichokuwa kipya ni lebo na boksi.

Ubao huo niliutuma Kampala na basi kwa kijana anayetengeneza kompyuta, kwa sababu baadhi ya kampuni huweka chipu inayohesabu kila mara betri inapochajiwa, na kuna vifaa vidogo vya kuunganisha na laptopu vinavyoisoma. Alinipigia simu siku ya tatu: chaji 412. Seli za aina hii kwa kawaida hutarajiwa kuhimili chaji mia tatu hadi mia tano kabla ya kushuka hadi karibu asilimia 80 ya uwezo wake. Yangu ilikuwa imeshuka chini ya nusu. Sijui ililala juani kiasi gani katika maisha yake ya kwanza.

Hapo ndipo neno "mpya" lilinikalia moyoni, kwa sababu kila upande lina maana yake. Kuna betri ambayo haijatumika kabisa. Kuna ganda la zamani lililotiwa seli mpya. Kuna ganda jipya lililotiwa seli za kuokota, pengine za laptopu. Kuna lebo mpya juu ya betri chakavu. Na kuna betri ambayo kweli haijawahi kutumika ila imekaa ghalani miaka sita kwenye joto, nayo ni mpya kwa kauli tu, maana seli ya lithiamu huzeeka hata ikilala, na ikilala kwenye joto huku imejaa huzeeka upesi zaidi. Wote hao wataandika neno lile lile kwenye tangazo.

Sina neno baya kwa wanaobadilisha seli. Pale Katwe na mitaa ya katikati ya Kampala kuna vijana wanaochomelea vibati vya nikeli kwa nukta safi, wanalinganisha seli zao moja moja, na wanakuambia wazi: ganda la zamani, seli mpya, bei nusu. Hiyo ni kazi ya heshima, na nchi kama yetu isingeendelea siku mbili bila watu kama hao. Mimi mwenyewe naweka mguu mpya kwenye kiti cha babu wa mtu, na sisemi kiti ni kipya. Kilichoniuma ni kwamba mtu alichukua msasa, akakaa chini, akafuta tarehe. Hiyo haikuwa bahati mbaya ya ghala.

Nilimpigia. Alikuwa mpole mwanzoni. "Bosi, labda chaja yako ina shida." Nikamtumia video ya mizani. Akasema muda wa kurudisha ulishapita. Nikamwambia Uganda ina sheria ya uuzaji wa bidhaa ya mwaka 2017 inayotaka kinachouzwa kilingane na maelezo yake, na maelezo yake ya 5.0Ah ninayo kwenye simu kwa maandishi yake mwenyewe. Alikaa kimya siku mbili, kisha akarudisha pesa ya ile nyepesi. Ya ile nzito alikataa katakata, akisema nimeshaifungua. Hapo alikuwa na hoja, na ndiyo sababu sasa sifungui kitu kabla mazungumzo hayajaisha: mizani, macho, balbu na gogo vinatosha, na havigusi skrubu hata moja.

Siku hizi hata kabla ya kumwandikia muuzaji nafanya hesabu ya lebo. Seli za 18650 zenye uwezo mkubwa kwa kawaida zina ampea-saa 3.5 hivi. Kumi zikipangwa jozi tano zinafika 7 hivi, basi. Kwa hiyo ukiona betri yenye umbo lile lile la 5.0Ah imeandikwa 9.0Ah au 12.0Ah, huhitaji mita, aliyeandika ameandika uongo. Wapo wenye seli pana zaidi, za 21700, wanaofika huko juu, lakini betri zao ni kubwa na nzito na huwezi kuzikosea. Na usishtushwe na 20V dhidi ya 18V. DeWalt, kampuni ya mashine hizi, wanaandika 20V kwa soko la Marekani na 18V kwa Ulaya, seli zile zile tano mfululizo. Moja inahesabu volti za betri iliyotoka kwenye chaja, nyingine za wastani wa kazi. Kwa betri za kampuni ya Makita, herufi B mwishoni mwa namba inamaanisha kuna taa za kuonyesha chaji. Lebo ikiwa na B na betri haina taa, au haina B na taa zipo, nauliza kwa nini.

Shemeji yangu alikuja likizo kutoka Dubai Desemba ile, akaniuliza aniletee nini. Nilimwomba betri mbili za 5.0Ah, aziweke kwenye begi la mkononi, kwa sababu betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kwenye mizigo inayoingia tumboni mwa ndege. Volti 18 mara ampea-saa 5 ni wati-saa 90, chini ya 100 ambazo mashirika huruhusu bila kuomba kibali. Angeniletea za 6.0Ah angekuwa na 108, na maswali pale uwanjani. Zilifika zikiwa na taa moja moja. Nikatabasamu, maana sasa naelewa: tangu Aprili 2016, betri za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama shehena ya ndege zinatakiwa zisizidi asilimia 30 ya chaji, na hata zinazosafiri kwa meli kiwanda hakizijazi. Betri mpya kuja imejaa haithibitishi wizi, huenda muuzaji aliijaribu. Lakini inanifanya nimuulize.

Hizo mbili nilizipima kabla hata shemeji hajamaliza kula. Alikaa uani na sahani yake akinitazama nimeinamia balbu ya lori, akamwuliza dada yangu kama niko sawa. Gramu 629 na 631. Vibati laini. Tarehe inasomeka, ya miezi saba nyuma. Kwenye balbu, moja saa moja na dakika 54, nyingine 53. Kwenye gogo la mvule volti hazikushuka chini ya 17.

Niliandika namba hizo kwenye daftari la kazi, na kwenye ganda la kila betri nikaandika kwa kalamu ya rangi mwezi niliyoipokea. Kila Januari, kazi zikiwa chache, nazirudia zote kwenye balbu. Nazihifadhi zikiwa na taa mbili, ndani, si kwenye pikapu na wala si juu ya bati, na mwanagenzi anajua kwamba betri ikitoka paani ikiwa ya moto haiendi kwenye chaja mpaka ipoe kivulini.

Seli tano za ile nyepesi alizichukua mwanagenzi. Ametengenezea taa ya kusomea mdogo wake wa P7, yaani darasa la saba, na inawaka hadi usiku wa manane. Zile kumi zilizochoka ziko kwenye kopo la chuma lenye mchanga, nyuma ya karakana, na kopo nimeliandikia kwa rangi nyekundu: zimekufa, haziuzwi.